Jukwaa, Jua na Jirani: Maumbo ya Jukwaa katika Ufuo wa Nyanza-Lac na Rumonge

Uhakiki wa sanaa za maonyesho Afrika Mashariki umezoea kulipima jukwaa kwa siasa yake. Jukwaa la fremu, linalotazamwa kutoka upande mmoja kama lile la Ukumbi wa Taifa wa Kenya uliofunguliwa mwaka 1952, huhesabiwa urithi wa kikoloni. Uwanja wa Kamiriithu, ambako wanakijiji waliigiza Ngaahika Ndeenda mwaka 1977, huhesabiwa mali ya umma. Historia inaiunga mkono hukumu hiyo: kibali cha mchezo kilifutwa mwaka huohuo, na uwanja ukabomolewa mwaka 1982. Lakini haimsaidii sana anayepeleka maigizo katika ufuo wa Burundi.

Huko suala zito ni ardhi. Mauaji ya mwaka 1972 yaliwakimbiza wengi hadi Tanzania. Waliporejea, walikuta mashamba yao mikononi mwa wengine. Mchezo unaogusa jambo hilo huwa na hadhira ya aliyerudi na aliyelikalia shamba. Jukwaa la duara, linalosifiwa kwa kuwa halina mbele wala nyuma, huwakalisha wawili hao uso kwa uso. Katika mchezo kuhusu malaria ukaribu huo ni neema. Katika mchezo wa shamba, mtazamaji humwona jirani kabla ya kumwona mwigizaji, na anayesimama kuchangia huonekana ametoa ushahidi. Fremu, pamoja na ubaridi wake, humsitiri: wote wanatazama upande mmoja.

Kamiriithu kwenyewe, ambako hutajwa mno na watetezi wa duara, jukwaa lilikuwa nusu duara lenye ukuta wa mianzi nyuma yake. Burundi ina umbo la jamii hiyo tangu kale: wapiga ngoma hujipanga nusu duara, inkiranya ikiwa katikati. Waigizaji wanaosubiri zamu wakikaa hivyo, wao wenyewe huwa pazia, na hadhira husogea karibu bila kutazamana. Kasoro yake ni kwamba hakuna pa kujificha kubadili mavazi. Kasoro hiyo inavumilika.

Kuna pia jua, ambalo nadharia hulisahau. Katika ufuo huu ziwa liko magharibi. Jukwaa likilipa ziwa mgongo, upepo wa mchana huipeleka sauti kwa watazamaji, lakini alasiri jua huwapiga machoni. Likigeuzwa, waigizaji ndio wanaopofuka. Duara huwapofusha baadhi daima. Afadhali nusu duara ifunguke kusini au kaskazini, jua liwe ubavuni.

Wakati nao una hesabu yake. Wavuvi wa ndagala huvua usiku kwa taa, na mbalamwezi ikikolea taa hupoteza mvuto, wakabaki nchi kavu. Siku hizo ndizo za kuwapata. Fedha za kujenga ukumbi wa kudumu ufuoni, ambako maji ya Tanganyika yamepanda na kuingia majumbani miaka ya karibuni, zingefaa zaidi kugharimia usafiri wa kikundi na taa mbili za betri kwa usiku huo.