Kitabu cha Diego de Landa juu ya Wamaya: Tukisome Namna Gani?

Katika vitabu vya historia vinavyosomwa seminarini, kurasa za inchi za Amerika kabla ya Wazungu kufika ni chache. Mwanafunzi anaambiwa kwamba Wamaya wa Yucatán walijenga majumba makubwa ya mawe, walihesabu mwendo wa nyota, walikuwa na maandiko yao wenyewe, na kwamba vitabu vyao «vilipotea». Neno hilo si sawa. Kitabu hakipotei chenyewe kama mbuzi aliyekata kamba. Vingi vya vitabu hivyo vilichomwa moto, na aliyeamuru vichomwe ni padri. Tena padri huyohuyo ndiye aliyetuandikia sehemu kubwa ya mambo tunayoyajua juu ya Wamaya wa wakati ule.

Kitabu chake kinaitwa kwa Kihispania «Relación de las cosas de Yucatán», maana yake Maelezo ya Mambo ya Yucatán. Tumekisoma zaidi ya mara moja, na kila mara tumekifunga tukiwa na mawazo mawili yanayoshindana moyoni: shukrani na huzuni. Tunataka kueleza hapa sababu ya hayo mawili, kwani tunaona kwamba kitabu hiki kinawahusu mapadri na makatekista wa Kongo kuliko wanavyodhani.

Landa alikuwa nani?

Diego de Landa alizaliwa Cifuentes, inchi ya Hispania, mwaka 1524. Alipokuwa kijana aliingia shirika la Wafransiskani katika konventi ya San Juan de los Reyes, mjini Toledo. Katika konventi hiyo alikuwa ameingia zamani Kardinali Cisneros, yule aliyeamuru vitabu vya Kiarabu vya Waislamu wa Granada vichomwe hadharani, karibu na mwaka 1500. Vya uganga tu ndivyo vilivyookolewa. Hatusemi kwamba Landa alifundishwa kuchoma vitabu. Twasema tu kwamba jambo hilo halikuwa geni katika nyumba aliyolelewa.

Mwaka 1549 alifika Yucatán. Alijifunza Kimaya vizuri, akatembea vijijini akihubiri na kubatiza, na mwaka 1561 akawekwa kuwa mkubwa wa Wafransiskani wa jimbo lile. Mwaka uliofuata, karibu na kijiji cha Maní, vijana wawili waligundua pango lenye sanamu na mafuvu ya watu. Habari ikaenea kwamba wabatizwa walikuwa wakiendelea kuabudu miungu yao kwa siri. Landa akakasirika sana. Watu wengi wakafungwa, wakatundikwa kwa mikono na kupigwa mijeledi kusudi wakiri, wengine wakafa. Tarehe 12 Julai 1562, mbele ya watu waliokusanyika Maní, sanamu na vitabu vya Wamaya vikatiwa moto.

Mwezi wa Agosti mwaka ule akafika askofu, Francisco de Toral, naye Mfransiskani. Akachunguza mambo, akachukizwa, akawafungua wafungwa. Landa akalazimika kwenda Hispania kujitetea, na kule, karibu na mwaka 1566, aliandika maelezo yake. Mwishowe hakuhesabiwa kuwa na kosa. Mwaka 1572 aliteuliwa kuwa askofu wa inchi ileile, akafa Mérida mwaka 1579.

Maandiko yake ya kwanza hatunayo. Kilichobaki ni nakala iliyofupishwa na watu wengine, ambayo Brasseur de Bourbourg, padri Mfransa, aliikuta Madrid, akaichapisha mwaka 1864 pamoja na tafsiri ya Kifaransa. Mwaka 2002 wachunguzi walionyesha kwamba ni vipande vya maandiko mbalimbali vilivyounganishwa. Kwa hiyo msomaji asistaajabu akiona mwandishi anaruka kutoka jambo moja mpaka lingine bila mpango.

Mambo mema ya kitabu

Kwanza, Landa anaeleza kwa uangalifu jinsi Wamaya walivyohesabu siku. Walikuwa na mwaka wa siku 365: miezi 18 ya siku 20, na siku tano za mwisho zilizoogopwa. Pamoja na huo walikuwa na hesabu nyingine ya siku 260. Landa anataja miezi kwa majina, anachora alama zake, anasimulia sikukuu zake: ya wafuga nyuki, ya wawindaji, ya waganga. Hapa anaandika kama mtu aliyeketi chini na kuuliza.

Pili, anasema kweli juu ya majengo. Alipoona magofu ya Chichén Itzá na Izamal, hakusema kwamba yalijengwa na taifa lingine lililotoka mbali. Alisema wazi kwamba ni kazi ya wenyeji wenyewe. Tulinganishe na yaliyotokea barani kwetu. Zaidi ya miaka mia tatu baadaye kulikuwa bado Wazungu waliosema kwamba Zimbabwe Kuu ilijengwa na Wafoinike, kwa maana hawakukubali kwamba Waafrika wangeweza kupanga mawe namna ile. Mpaka wachimbaji wa mambo ya kale, Randall-MacIver mwaka 1905 na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929, walipoonyesha kwamba ni kazi ya Waafrika. Katika jambo hili Landa aliwapita wengi.

Tatu, aliandika juu ya maandiko ya Wamaya, na hapa historia yake ni ya kuchekesha kidogo. Alidhani kwamba Wamaya wana herufi kama sisi. Basi akamwita mtu aliyejua kuandika, akamtajia herufi moja moja kwa majina yake ya Kihispania. Lakini Wamaya waliandika silabi, kama mtoto wa shule anavyoimba ba, be, bi, bo, bu. Landa aliposema «be», mwandishi akachora alama ya silabi «be», neno ambalo kwao ni njia. Walisumbuana hivyo mpaka, alipoambiwa aandike sentensi yoyote, mwandishi akaandika: «ma in kati», maana yake «sitaki». Landa aliiweka sentensi hiyo kitabuni.

Kwa muda mrefu wataalamu walidharau orodha ile. Mwaka 1952 Yuri Knorozov, mtaalamu wa Urusi, aliitazama upya. Landa alikuwa ameandika alama ya «cu». Knorozov akaiona tena katika kitabu cha Wamaya juu ya picha ya bata mzinga, ikifuatwa na alama nyingine. Kwa Kimaya bata mzinga ni «cutz». Basi alama ya pili yaweza kuwa «tzu». Akatafuta picha ya mbwa, ambaye ni «tzul», na alama ileile ilikuwa hapo mwanzoni. Hivyo mlango uliofungwa ukaanza kufunguka, na ufunguo uliachwa na mtu yule aliyechoma vitabu.

Makosa yake

Tukiisha kumshukuru, inatupasa kusema pia makosa yake bila kuogopa.

Kosa la kwanza ni kuhukumu kabla ya kusoma. Landa anaandika kwamba waliona vitabu vingi, na kwa kuwa ndani havikuwa na kitu ila ushirikina na uwongo wa shetani, walivichoma vyote, na kwamba Wamaya walihuzunika kupita kiasi. Alijuaje kwamba hamna kitu kingine? Orodha yake ya herufi inaonyesha kwamba hakuweza kuvisoma. Siku hizi vinajulikana vinne tu: vitatu vinaitwa kwa majina ya miji ya Ulaya, Dresden, Madrid na Paris, cha nne kiko Mexico, na mwaka 2018 kilihakikishwa kuwa cha kweli. Katika kile cha Dresden mna hesabu za Zuhura, ambayo Wamaya walijua kwamba hurudi mahali pake kwa siku 584. Mna hesabu za kupatwa kwa jua. Mna alama ya sifuri. Ni kweli kwamba mna picha za miungu na mambo ya kubashiri. Lakini aliyechoma magugu alichoma ngano pamoja nayo, na Injili ilikuwa imekwisha kumwonya.

Kosa la pili ni kunyamazia maumivu ya watu. Anakiri kwamba wengine walijinyonga kwa huzuni, lakini anasema ni kwa kuwa shetani aliwadanganya. Haulizi kama mjeledi na kamba zake mwenyewe vilikuwa na sehemu katika huzuni ile.

Kosa la tatu ni kutowapa walimu wake heshima yao. Anamtaja Juan Cocom, mkubwa mmoja mwenye akili aliyemwonyesha mambo mengi ya kale. Lakini hamtaji Gaspar Antonio Chi wa Maní, aliyesomeshwa na Wafransiskani, aliyejua Kimaya, Kihispania na Kilatini, na ambaye wachunguzi wengi wanaona kwamba alimsaidia sana. Yeye alinena, mwingine akahesabiwa kuwa mwenye elimu.

Mtu atatujibu: «Msimhukumu, wakati ule kila mtu aliwaza hivyo.» Twajibu kwamba si kweli. Na tusikatae kwamba sadaka za watu zilikuwako; Landa alisema kwamba watu walitupwa katika kisima kikubwa cha Chichén Itzá, na walipokichimba katika karne ya 20 waliona mifupa kweli. Kuyazuia hayo kulikuwa kazi njema. Lakini Askofu Toral aliishi wakati uleule, aliona mambo yaleyale, akakataa njia ile. Na mwaka 601 Papa Gregori Mkuu alikuwa amekwisha kuagiza wamisionari wa Uingereza waondoe sanamu lakini wasibomoe nyumba za ibada za wenyeji, bali wazigeuze kuwa za Mungu wa kweli. Shauri hilo lilikuwa na umri wa miaka zaidi ya mia tisa Landa alipowasha moto wake.

Tena kulikuwa na Mfransiskani mwingine, Bernardino de Sahagún, aliyefika Mexico mwaka 1529. Naye alitaka kuondoa ibada ya miungu. Lakini alisema kwamba mganga hawezi kutoa dawa asipojua ugonjwa. Akakusanya wazee, akawauliza miaka mingi. Vijana wenyeji waliosoma katika koleji ya Tlatelolco, kama Antonio Valeriano na Martín Jacobita, wakaandika majibu kwa lugha yao ya Kinahuatl, na Sahagún akawataja kwa majina. Ikawa kazi ya vitabu 12, yenye picha zaidi ya 2,000, ambayo imehifadhiwa Firenze. Yeye pia alikuwa na hukumu kali juu ya miungu yao. Tofauti ni moja: aliuliza kwanza. Naye hakupata amani: mwaka 1577 mfalme wa Hispania aliamuru maandiko yake yachukuliwe. Na vijana wale wenye Kilatini kizuri hawakupewa upadri, kwani sinodi ya Mexico ya mwaka 1555 ilikataza.

Na sisi?

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya ng'ambo tu. Katika Ufalme wa Kongo, Wakapuchini wa karne ya 17 walichoma minkisi mingi. Katika inchi ya Waluba kuna lukasa, ubao mdogo wenye shanga na michoro, ambao watu wa kumbukumbu waliushika mkononi na kuugusa kwa kidole, wakisoma majina ya wafalme, safari za wahenga, mahali patakatifu, na sheria za ufalme. Huo ni ubao, lakini pia ni kitabu. Katekista asiyejua atasema, «Ni kitu cha uchawi,» na kuutia motoni. Naye atakuwa Landa mdogo, bila hata kuacha ufunguo kwa watakaomfuata.

Tunao mfano bora nyumbani kwetu. Stefano Kaoze, aliyepewa upadri Baudouinville tarehe 21 Julai 1917, wa kwanza katika inchi yetu kwa wakati wa sasa, alikuwa bado mwanaseminari alipoandika juu ya mawazo na desturi za Wabantu. Maandiko yake yalichapishwa mwaka 1910 na 1911. Baadaye Padri Tempels, Mfransiskani wa Katanga, alitoa kitabu chake juu ya filosofia ya Wabantu mwaka 1945, na Padri Kagame wa Rwanda akamjibu na kumsahihisha mwaka 1956. Hivyo ndivyo elimu inavyokua: mmoja anauliza, mwingine anasahihisha, na mwenyeji anasema kwa kinywa chake.

Basi hukumu yetu juu ya kitabu cha Landa ni hii: kisomwe, tena kisomwe na kila anayejitayarisha kwa upadri. Mahali alipouliza, maneno yake yamedumu, na wataalamu bado wanayatumia. Mahali alipohukumu bila kuuliza, ameacha majivu, na hakuna mtaalamu anayeweza kuyasoma. Mseminari atakayekwenda likizo mwaka huu aweke daftari katika mfuko wake. Kijijini kwake yuko mzee anayejua. Amwulize, aandike maneno yake kama yalivyotamkwa, aandike na jina la mzee huyo. Kazi ya kupima mambo yale mbele ya Injili itakuja, na ni kazi yetu kweli; lakini mtu hapimi kitu ambacho amekwisha kukichoma.