Chupa ya Glita, Mfuko wa Ndengu

Katika madarasa ya mabati ya Kawangware na Kangemi, jijini Nairobi, wapo walimu wa chekechea (PP1 na PP2) wanaotengeneza kwa mikono vifaa vya kuwatuliza watoto ambavyo hakuna anayevitengea bajeti. Chupa tupu ya soda huoshwa, ikajazwa maji, gundi na glita, kisha kifuniko hubanwa kwa gundi kali, maana mtoto aliyekasirika atakifungua tu. Akiitikisa, macho hufuata chembe zinavyotua polepole, na pumzi nayo hushuka.

Baluni hujazwa unga wa ngano kupitia shingo ya chupa iliyokatwa, kisha huvalishwa ya pili juu yake. Moja pekee hupasuka upesi ikifinywafinywa. Mifuko ya ndengu zilizonunuliwa kwa wauza nafaka wa Nyamakima hushonwa mara mbili, kwani punje ikichomoka huishia puani mwa mtu. Fukusi wakiingia, kazi huanza upya.

Yote haya ni ya jioni, madaftari yakishasahihishwa, na mara nyingi pesa hutoka mfukoni mwa mwalimu. Si tiba, na walimu makini hawasemi ni tiba. Mtoto anayejiumiza bado hupelekwa kliniki. Mzazi anayeshangaa mbona siku hizi mwanawe hapigi wenzake, na aulize uzi ulinunuliwa na nani.