Kiungo, ungio na mwanya: istilahi za picha za wagugunaji wakubwa

Miongoni mwa maneno ya Kiswahili yanayotumikishwa kupita kiasi, neno kiungo lastahili kuhurumiwa. Mkono ni kiungo, goti ni kiungo, ini huitwa kiungo, na bizari iliyomo katika pilau ni kiungo vilevile. Katika mazungumzo hali hii huvumilika, kwa kuwa muktadha huamua. Maandishi ya sayansi hayana uvumilivu huo, nasi twapenda kuonyesha hasara yake kwa mfano mmoja: uchunguzi wa maungio ya wagugunaji wakubwa kwa picha za kitabibu.

Mwalimu wa baiolojia aliyeko Kihagara, mwambaoni mwa Ziwa Nyasa, hana haja ya kuagiza kapibara kutoka Amerika ya Kusini. Ndezi wa nchi yetu, akaaye katika matete na majani marefu, aweza kufikia kilo 4 hadi 6 au zaidi, na goti lake ni kubwa kiasi cha kuonekana vizuri katika picha ya eksirei ya kawaida. Tuseme mwalimu huyo amepewa picha hiyo, na chini yake pameandikwa: "Kiungo hiki kina pengo." Aelewe nini? Mguu umepungukiwa? Mfupa umevunjika? Kumbe mfasiri alikusudia ile nafasi nyeusi iliyo baina ya mfupa wa paja na muundi.

Nafasi hiyo si tupu. Imejaa gegedu na ute, vitu ambavyo mionzi huvipenya kwa urahisi, kwa hiyo havionekani kama mfupa uonekanavyo. Pengo ni upungufu. Waswahili hutofautisha pengo la jino lililong'oka na mwanya, ambao ni wa maumbile na tena huhesabiwa kuwa uzuri. Istilahi i tayari mdomoni mwetu: mwanya wa ungio. Mwanya ukipungua, gegedu limelika. Habari hiyo ndiyo atafutayo mchunguzi, na neno pengo laipindua kabisa.

Hatari kubwa zaidi imo karibu na ncha za mifupa. Panya wa maabara, tofauti na binadamu, hubaki na gegedu la ukuaji lisilofunga kabisa hata baada ya kupevuka. Katika picha huonekana kama mstari mweusi. Mfasiri akiuita ufa, msomaji atadhani mnyama amevunjika. Tangu mwaka 2000, shirika la APOPO, likishirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro, limekuwa likifunza panya buku kunusa mabomu ya kutegwa ardhini, na baadaye makohozi yenye kifua kikuu. Mnyama wa kazi kama huyo akichechemea, si jambo dogo kama maelezo ya picha yake yasema ufa au gegedu.

Majina ya mitambo hayatusumbui: eksirei na siti skani yamekwisha kuzoeleka, na emaarai ipokelewe vivyo hivyo. Lakini mfasiri asiache kuutaja mtambo, maana eksirei huonyesha mifupa hasa, ilhali emaarai huonyesha pia gegedu na kano. Na hiyo kano nayo yabeba mzigo wa watu wawili: kamba iungayo msuli na mfupa, na ile iungayo mfupa na mfupa. Twapendekeza ya kwanza ibaki kano, ya pili iitwe ligamenti.

Kiwiko kitazamwe kwa hadhari. Katika kamusi za zamani kiwiko cha mkono ni pale pavaliwapo saa. Wengi siku hizi humaanisha pale pa kuegemea mezani, ambapo jina lake jingine ni kisugudi. Katika maelezo ya picha tungependelea kisugudi, ijapokuwa vijana watacheka.

Watakuwapo watakaosema kwamba ungio lakwaruza sikio na kwamba hospitalini husemwa kiungo. Hospitalini mgonjwa hunyosha kidole akaonyesha panapouma. Ndezi wa pichani hana uwezo huo. Kiungo kibaki kwa mkono na mguu, ungio liwe la mahali mifupa ikutanapo, na wingi wake, maungio, tayari watu wanalo. Kilegesambwa hakihitaji mbadala wowote.