Sifa ya Mahubiri ya Uani

Katika sanaa zote zitendwazo kwa ulimi, iliyo ngumu sana na isiyosifiwa sana ni ile ya mtu aketiye na jamaa yake jioni, au asimamaye mbele ya waumini Jumapili asubuhi, akatwaa jambo dogo la nyumbani ambalo kila mmoja amelipita bila kuligeukia, akalinena kwa namna ambayo msikilizaji huondoka akiwa amemjua Mungu zaidi kidogo na nafsi yake zaidi sana. Fundi wa sanaa hii hana karakana, hatunukiwi nishani, na kazi yake haiachi alama ila vifuani mwa watu. Mashairi huandikwa, milango ya nakshi hudumu karne na zaidi, lakini mawaidha ya katekista wa Kideleko, au ya bibi mzaa mama alipokuwa akipukuchua mahindi na wajukuu wake huko Kwamkono, hutoweka pamoja na moshi wa jiko lililoyashuhudia. Kwa hiyo si vibaya mtu mmoja akatumia wino kidogo kumsifu fundi huyo.

Nasema habari za Handeni na Korogwe kwa sababu ndiko nilikoiona sanaa hii ikitendwa kwa ustadi. Wilaya hizi mbili ni majirani walakini hazifanani. Korogwe imelala kando ya Mto Pangani chini ya milima ya Usambara. Reli kutoka Tanga iliifikia mwanzoni mwa karne ya ishirini, na mashamba ya mkonge yakaizunguka kutoka Ngombezi hata Magunga, yakavuta watu wa makabila mengi waliokuja kutafuta mshahara. Handeni ni nchi ya Wazigua, nyika pana ya mvua isiyoaminika, ambako mahindi husitawi mwaka mmoja na kunyauka mwaka wa pili, na ambako maji ni habari ya kila siku, kama bei ya sukari ilivyo habari ya kila siku mahali pengine. Mhubiri aliyefaulu katika nchi moja halazimiki kufaulu katika nyingine, maana mifano ya uani haibebwi katika mkoba kama kitabu cha sala.

Misheni ya Kianglikana ya UMCA ilifika Unguja mwaka 1864, ikavuka hadi bara na kuweka makao Magila katika Bondei, na kutoka huko ikaenea hata Korogwe na Uzigua. Wamisionari wake wa Kizungu wengi hawakuwa na mke wala mtoto, hawakupokea mshahara bali posho ndogo, na siku zao zilipimwa kwa kengele ya kanisa. Sina neno la kuwapunguzia heshima. Askofu Edward Steere aliishughulikia lugha hii kwa bidii ambayo wenyewe hatujailipa, na Biblia nzima katika Kiswahili cha Unguja ilipotoka mwaka 1891, yeye mwenyewe akiwa amekwisha fariki, msingi ulikuwa wake. Askofu Frank Weston naye alifia Hegongo mwaka 1924 akazikwa Magila, katikati ya watu aliowatumikia. Lakini mtu ambaye hajaamshwa usiku wa manane na homa ya mtoto wake, wala hajapigana na dhamiri yake juu ya deni la dukani, huisema habari ya Baba wa mbinguni kwa elimu zaidi kuliko kwa uzoefu. Sehemu hiyo ya Injili, sehemu ya jiko na kitanda cha kamba, iliachwa mikononi mwa makasisi, mashemasi na walimu wa Kiafrika waliooa na kuzaa. Cecil Majaliwa, kasisi wa kwanza Mwafrika katika UMCA, aliyepewa daraja hiyo mwaka 1890, alikuwa mtu mwenye mke na watoto. Na nyuma yake wakafuata wengine kadha wa kadha ambao nyumba zao zilikuwa shule yao ya pili ya theolojia, na kwa baadhi yao naona ilikuwa ya kwanza.

Wala hawakuianza sanaa hii wao. Pwani yetu iliijua zamani: Mwana Kupona wa Pate, akiwa mgonjwa mwaka 1858, alimtungia binti yake utenzi wa wasia, ambamo dini na mambo ya nyumbani vimekaa pamoja bila kusukumana. Katika Usambara Walutheri walikuja na Katekisimo Ndogo ya Martin Luther, ambayo tangu mwaka 1529 iliandikwa ili mwenye nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake. Na juu ya hao wote yuko Bwana mwenyewe, aliyeuona ufalme wa mbinguni katika mwanamke atiaye chachu katika unga, katika mwingine afagiaye nyumba kutafuta dirhamu moja, na katika rafiki agongaye mlango usiku kuomba mikate hali watoto wamekwisha lala. Msomaji azingatie kwamba hakuna hata mmoja katika watu hao aliyekuwa akifanya jambo la dini.

Basi ustadi wenyewe ni upi? Nitauonyesha kwa mfano wa Handeni.

Wakati wa kiangazi, penye bomba la maji, utakuta kabla ya alfajiri msitari mrefu wa madumu ya manjano na ndoo, wenyewe hawapo. Mmoja amerudi kunyonyesha, mwingine kuwasha moto, mwingine amesinzia katika kibaraza cha jirani. Dumu limesimama badala ya mtu, nalo linajulikana: hili limefungwa kitambaa chekundu mkononi, lile limezibwa kwa gunzi la hindi baada ya kifuniko kupotea. Maji ya Mto Pangani, yaliyosukumwa kwa mashine kutoka upande wa Korogwe, huja yapendapo. Na yajapo, msitari husogea. Aliye nyuma hulisukuma kwa mguu dumu lililo mbele yake, ijapokuwa si lake, lisiachwe, na hakuna anayemshukuru kwa kuwa kesho litasukumwa la kwake. Katekista mmoja mtu mzima, siku ya kuhubiri juu ya maombezi, aliyaeleza haya yote pole pole, hata watu wakaanza kutabasamu kwa kuyatambua madumu yao. Kisha akasema, “Ndugu zangu, yuko mwenzetu amelala hospitalini, homa imemfunga ulimi, hawezi kuomba. Dumu lake liko msitarini. Nani amelisukuma?” Akanyamaza, akaanza sala za Kanisa.

Fundi mchanga angeliharibu jambo hili kwa kulitafsiri lote: dumu ni roho, maji ni neema, bomba ni Kanisa, kitambaa chekundu ni damu ya Mwokozi, na pengine gunzi nalo lingepata maana yake. Mzee yule alichukua kitendo kimoja tu, cha mguu ulisukumao dumu la mwenzake, akayaacha mengine yabaki madumu. Hapo ndipo ulipo utukufu wa sanaa hii. Jambo la nyumbani lazima kwanza liwe lenyewe, lionekane kwa rangi yake na lisikike kwa sauti yake, na funzo lije nyuma yake kwa adabu kama mgeni apigaye hodi. Na kama halikuja, mhubiri mwaminifu huliacha jambo lile lipite akatafuta jingine. Wengi hufanya kinyume: hupata funzo kwanza, kisha huzunguka nyumbani mwao wakitafuta kitu cha kulivika. Wengine hawazunguki hata nyumbani. Nimepata kusikia, katikati ya kiangazi cha Handeni, mahubiri marefu juu ya theluji na namna inavyofunika uchafu wa barabara, yaliyotolewa katika kitabu cha ng'ambo kwa watu waliokuwa wakiwaza dumu la maji. Hakuna aliyekosea kwa kusinzia.

Upande wa Korogwe ustadi huo una sura nyingine. Mkonge uliletwa katika nchi hii na Richard Hindorf mwaka 1893, na kwa miaka mingi wakati wa ukoloni maisha ya mfanya kazi wa shamba yalitawaliwa na kipande, yaani kadi iliyohesabiwa siku 30 za kazi iliyokamilika. Siku isiyomalizwa haikuwekwa alama, na kadi isiyojaa haikulipwa. Fikiri basi kuwasomea watoto na wajukuu wa watu hao, waliorithi makovu ya miiba pamoja na masimulizi yake, mfano wa shamba la mizabibu, ambamo walioajiriwa saa kumi na moja, saa ambayo kwetu kama kwa Wayahudi wa zamani ni saa ya kurudi nyumbani, walipokea dinari ile ile ya walioungua na jua tangu asubuhi. Padri mmoja alithubutu. Aliusoma, akawauliza mtu mwenye kipande kilichojaa angesema nini mbele ya dirisha la mshahara. Wazee wakanung'unika waziwazi, mmoja akasema huo ni wizi. Padri hakuharakisha kuwatuliza. Alingoja mnung'uniko uishe wenyewe, akasema kuwa msimuliaji wa kwanza alitaka wanung'unike vivyo hivyo. Ndipo akawageukia wanawake: “Mama zangu, nani kati yenu humpimia mtoto mgonjwa ugali kwa kipande chake?” Sidhani kama mwalimu yeyote wa chuo angeeleza neema kwa maneno machache zaidi, na jibu lilitoka kwa wanawake, ambao kwa haki ndio wenye nusu ya sanaa hii kama si zaidi. Chama cha Mothers' Union, ambacho watu wetu hukiita Umoja wa Akina Mama, kilianzishwa Uingereza mwaka 1876 na Mary Sumner, mke wa kasisi wa mtaa, lakini penye mkeka wa akina mama wa Korogwe hakuna aliyesubiri kuletewa kutoka Uingereza maarifa ya kuliona fumbo katika chungu kilichoungua.

Sanaa hii ina hatari zake. Mwenye kuhubiri mambo ya nyumbani mwake ana mikononi siri za watu wasioweza kumjibu. Yuko anayeleta mimbarani ugomvi wake na mkewe akajifanya hakimu wa kesi ambayo yeye ni mshitakiwa. Yuko anayetaja ukaidi wa kijana wake mbele ya wasichana anaosali nao kijana huyo, kisha akashangaa kwa nini mtoto wa padri hapendi kanisa. Sheria ya heshima ni kwamba katika kila mfano wa nyumbani, atakayeonekana na hatia awe mhubiri, au asiwepo mwenye hatia. Katekista mwingine wa Handeni aliishika sheria hii vizuri. Alisimulia kwamba usiku mmoja alibariki chakula kwa sala ndefu, akimhimidi Mungu kwa ugali wa muhogo na kisamvu, na alipofikia amina mtoto wake wa mwisho akamwuliza, “Baba, kwani Mungu ndiye aliyesonga?” Kanisa zima lilicheka, na wanawake walicheka muda mrefu kuliko wanaume. Mkewe alikuwa benchi la tatu. Hakuambiwa neno, alitazama chini akirekebisha kanga yake, na kila mtu alijua kuwa shukrani iliyochelewa imefika.

Tena si kila msikilizaji ana nyumba ya kukumbuka kwa furaha. Neno baba, lililo tamu kwa mmoja, kwa mwingine ni mlevi arudiye usiku; na mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto husikiliza mifano ya malezi kama mtu aliyeachwa nje ya mlango. Fundi wa kweli hulijua hilo kwa sababu amezuru nyumba hizo kwa miguu, amekaa penye mikeka yao, amekunywa chai yao isiyo na sukari. Ndiyo maana nasema sanaa hii haifunzwi mbali na huduma. Katika nchi hii ambayo ndugu mmoja husali Jumapili na mwingine Ijumaa, na wote wawili hula sahani moja Krismasi na Idi, mtu aliyezuru nyumba hujua pia kuwa maneno yake yatasikiwa na mjomba Mwislamu aliyekuja mazishini, naye huchagua mfano ambao mjomba huyo anaweza kurudi nao nyumbani bila kinyongo.

Na liko jambo la mazishi. Katika Uzigua watani huja msibani na mizaha yao, huigiza marehemu na kudai fedha kabla ya kazi kuendelea, na padri mgeni huona aibu. Mwenyeji hungoja. Anajua kuwa mzaha ule unatenda huduma ambayo mahubiri hayaiwezi saa ile. Lakini azikwapo mtoto mchanga hata watani hupunguza sauti, na hapo fundi aliye bora hatoi mfano wowote. Husoma maneno ya Kitabu cha Sala kama yalivyo, akakaa chini pamoja na wanaume wengine. Nimemheshimu mhubiri mmoja kwa ukimya wa namna hiyo kuliko kwa mahubiri yake yote.

Yote haya karibu hayajaandikwa. Samwil Sehoza aliandika “Mwaka katika Minyororo”, kitabu kilichotoka mwaka 1921, habari za walimu na makasisi wa UMCA waliofungwa na Wajerumani wakati wa vita kuu ya kwanza, na kwa sababu aliandika, tunajua walivyosali na kula na kuugua njiani. Makatekista waliomfuata katika vijiji vya Korogwe na Handeni waliandika pia, lakini katika madaftari ya shule, kwa penseli, muhtasari wa mahubiri upande huu na hesabu ya sadaka upande wa pili. Na madaftari hayo sasa yamo katika masanduku ya bati chini ya vitanda vya wajane wao, yakiliwa na mchwa. Ewe msomaji ambaye baba yako au babu yako alikuwa katekista, lifungue sanduku hilo mwezi huu, yaanike madaftari kivulini, muulize mama kila mfano ulitokana na siku gani, uandike ayasemayo, kisha upeleke nakala kwa padri wa mtaa wako.