Helios: Ioni za Aina Mbili Zimejibu!

Jamani, hii ndiyo mashine niliyokuwa naisubiri! Helios, kompyuta ya kwantamu iliyozinduliwa Novemba 2025 na kampuni ya Quantinuum ya Marekani, ina kubiti 98, yaani vipashio vyake vya kukokotolea, na kila kubiti ni ioni moja ya bariamu inayoelea ndani ya ombwe, imenaswa kwa nguvu za umeme. Mtangulizi wake, H2, aliishia 56. Lakini kilichonitoa macho ni zile ioni nyingine, za iterbiamu, ambazo hazikokotoi chochote!

Ndani ya Helios ioni hazitulii. Huzungushwa kwenye duara, hupitishwa njia panda, hukutanishwa mbilimbili kisha zikatenganishwa. Kila zikihamishwa hupata joto, hutikisika, na mtikisiko huharibu hesabu. Ukiipiga bariamu leza ya kuipoza, umefuta taarifa iliyoibeba. Basi inapozwa jirani yake, iterbiamu! Zote zina chaji chanya na zinasukumana, kwa hiyo mtikisiko wa moja ni wa zote, kama wabebaji wawili wa mzegazega: mmoja akituliza hatua, mwenzake naye hutulia. Leza inayopoza iterbiamu ni ya urujuanimno, nanometa 369. Bariamu huitikia mwanga wa nanometa 493, hivyo siri yake inabaki salama. Safi kabisa!

Na sasa utamu wenyewe. Katika H2, iterbiamu ilikokotoa na bariamu ikapoza. Helios imezibadilisha zamu! Mwanga wa bariamu unaonekana kwa macho, na leza za rangi hizo hupatikana kwa urahisi zaidi, tena haziumizi vioo kama urujuanimno. Kubiti mbili zinapofanya kazi pamoja, usahihi ni asilimia 99.921. Hilo ni chini ya kosa moja kwa kila hatua 1,000!

Mizizi ya mbinu hii ya ioni moja kuisaidia nyingine ni ya zamani. Mwaka 2005, kikosi cha David Wineland, mshindi wa Nobel wa 2012, kilitumia ioni ya beriliamu kuisoma ya alumini katika maabara ya NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, na njia hiyo ikazaa saa za atomi zenye usahihi wa ajabu.

Ndiyo, kompyuta za ioni huenda polepole kuliko zile za saketi za superkondakta. Sijali! Kwenye kwantamu, kasi yenye makosa haina faida, na kwa usahihi Helios ndiyo mashine ninayoipa kura yangu leo.