Kadi Iliyobaki

Mwishoni mwa mwaka 1912, mchoraji Mjerumani Franz Marc alichukua kadi ya posta, akachora juu yake farasi wanne wa buluu waliopangana kama mnara, akampelekea mshairi Else Lasker-Schüler kumtakia heri ya mwaka mpya. Mwaka 1913 aliurudia mchoro huo kwa rangi za mafuta, sasa ukiwa na kimo cha mita mbili. Mchoro huo mkubwa uliingia katika makumbusho ya taifa ya Berlin. Mwaka 1937 Wanazi waliutwaa na kuutia katika kundi la sanaa waliyoiita potovu, na tangu vita vilipomalizika mwaka 1945 haijulikani uko wapi. Kadi ipo hadi leo, mjini München.

Wengi huiita kadi hiyo mazoezi ya mchoro mkubwa. Mimi naona jina hilo linaificha. Katika miili ya farasi wale kuna hilali na nyota, na hizo ni alama za Lasker-Schüler. Katika barua zake alijiita Jussuf, mwanamfalme wa Thebes, Yusufu yule wa Misri tunayemjua sote, na alijichora akiwa na hilali na nyota usoni. Mwaka huohuo wa 1912 Marc alikuwa amechonga picha kwenye ubao na kuichapa kwa ajili ya shairi lake la "Versöhnung", yaani Maridhiano. Kwa hiyo kadi ile ni jibu. Ukimwondoa aliyeandikiwa, huwezi tena kueleza kwa nini farasi wamebeba nyota.

Hapo ndipo kazi ya kukusanya inapokuwa uhakiki. Kati ya 1912 na 1914 Marc alimpelekea kadi 28 alizozichora kwa mkono. Mwaka 1954 zilitolewa kitabuni kwa jina lenye maana ya "Ujumbe kwa Mwanamfalme Jussuf". Jina zuri, lakini limemgeuza mshairi kuwa anwani tu: yeye hupokea, hasemi. Mwaka 1987 kilitoka kitabu kingine kilichounganisha kadi na barua, na ghafla tunasikia watu wawili wakiitana na kuitikiana. Hata hivyo, jina lake nalo linamtaja Mpanda Farasi wa Buluu akimtunukia Mtukufu farasi wake. Mtendaji bado ni Marc.

Ajabu ni kwamba Lasker-Schüler mwenyewe alikwisha kutuonyesha njia. Mwaka 1912 alitoa *Mein Herz*, riwaya iliyoundwa kwa barua na kutiwa michoro yake. Mwaka 1919 akatoa *Der Malik*, inayoanza kwa barua kwa Marc, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kufa vitani Verdun, Machi 1916. Kwake yeye barua haikuwa makombo ya ushairi. Aliipanga, akaichorea, akaichapisha, na rafiki aliyezikwa akaendelea kuandikiwa mbele ya wasomaji.

Mwaka 1933 alikimbia Ujerumani, na mwaka 1945 akafariki Jerusalem. Maisha ya namna hiyo hutawanya karatasi, kwa hiyo siwalaumu wahariri kwa kila pengo. Ninachowadai ni mpangilio. Makumbusho huitundika kadi ukutani ikiwa imeonyesha uso wa picha, na barua hupelekwa maktaba, kana kwamba mwenye brashi na mwenye kalamu hawakuwahi kukutana. Lakini huyu alikuwa mshairi anayechora, akiandikiana na mchoraji aliyekuwa akisoma mashairi. Mkusanyo unaowastahili ni ule unaoweka kadi kando ya barua iliyoitangulia na barua iliyoifuata, kwa tarehe, pamoja na ule upande wa nyuma wenye mwandiko, stempu na jina la yule iliyekusudiwa.