Nani ameshika simu? Namna ya kuipima timu ya ajaili

Nimeona tena timu ikimwagiwa sifa ukumbini kwa "ajaili ya mfano". Mfumo wao ni wa kupimia kakao kwenye AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, za Kyela. Ubao umejaa kadi za rangi, chati ya sprinti inashuka vizuri, kila mmoja ana cheti. Makofi yakapigwa. Huko ghalani makarani bado wanaandika kwenye daftari.

Ubao wa kuvutia ni kazi ya saa moja na pakiti ya karatasi za kunata. Na anayependa kuona watu wamesimama kwenye kikao cha asubuhi aende akaangalie paredi.

Mgeni hutazama ubao. Mjuzi husubiri mapitio ya sprinti, na hata hapo skrini haimshughulishi, anatazama mikono. Nani ameshika simu? Ikiwa anayebofya ni mwandishi wa programu, na wengine wanatikisa vichwa, aga uondoke. Yule anajua kitufe kipi hakiguswi. Anajua kusubiri kidogo kabla ya kubofya tena. Wakulima wake wa majaribio ni watano, na hakuna anayegombana na mizani. Sasa mpe simu hiyohiyo karani wa Ipinda, vidole vina vumbi la kakao, foleni inamsukuma mgongoni, mvua inapiga bati na mtandao umekata gunia likiwa bado linaning'inia.

Mama mmoja, skramu masta wa kweli, alikuwa akiwaamuru vijana wake waweke mikono nyuma na wafunge midomo, simu anampa karani. Siku moja karani alitafuta mkulima kwa jina la ukoo. Akaandika "Mwa". Kwa Wanyakyusa hapo umeita kijiji kizima: orodha ikashuka, ikashuka, karani akacheka, akachukua daftari lake. Mama akainuka, akaing'oa kadi kwenye safu ya Imekamilika na kuirudisha kwenye bakilogi, wafadhili wakiwa wamekaa palepale. Sprinti iliyofuata walitafuta kwa namba ya uanachama.

Matapeli nao wameshtuka, siku hizi wanakuja na karani wao waliyemfundisha. Nilimwona karani mmoja wa aina hiyo akipita hatua zote bila kukwama. Nikamwomba jambo dogo: "Kaka, hizo kilo umekosea, zifute." Akamgeukia kijana wa programu.

Mengine nitayasema harakaharaka. Sprinti ni wiki mbili. Tatu ni uzembe, moja ni kiherehere. Mwongozo wa Skramu unaruhusu hadi mwezi mzima, mimi siruhusu. Maswali matatu ya kikao cha asubuhi yaliondolewa kwenye Mwongozo huo mwaka 2020, na bado timu zinayakariri kama sala. Anayejisifia pointi nyingi mwambie kwamba Ron Jeffries, mmoja wa watu 17 wa Ilani ya Ajaili ya mwaka 2001, aliandika kuwa huenda pointi alizibuni yeye, na kama ni hivyo anajuta. Skramu masta asiyejua bei ya bando hafai. Ubao wa kwenye kompyuta peke yake si ubao.

Na kumpa mtumiaji nafasi si jambo jipya. Zamani DHIS2, mfumo wa takwimu za afya, ilipoanza kuingia mikoani, watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikaa na wahudumu wa afya mbele ya MTUHA, vile vitabu vya kumbukumbu vya vituo vya afya, fomu zikarekebishwa kwa walichokiona hapo. Cheti cha skramu hakikuwa habari ya mjini. Kazi ilikuwa inakwenda, jamani.

Kwa hiyo ukialikwa kuipima timu, ikatae hoteli. Taka mapitio yafanyike ghalani, Ngonga au Ipinda, siku ya kupima, simu akiwa nayo karani ambaye hawajawahi kumwona. Wakikujibu kwamba Kyela ni mbali na bajeti haitoshi, waulize zile fulana za timu zimegharimu shilingi ngapi.